Samadi Iliyolisha Mtaro

Wapendwa, leo nataka tuzungumze habari ya samadi. Najua, najua. Mmevaa nguo safi, wengine mmesuuza mabuti pale bombani kabla ya kuingia, na sasa mchungaji anataka kuwarudisha bandani. Nivumilieni kidogo. Karibu kila mtu humu ndani amepita kwa ng'ombe asubuhi hii kabla ya kuja mbele za Bwana, na mimi ni mmoja wenu, kwa hiyo hakuna wa kumzibia mwenzake pua.

Kulikuwa na mfugaji mmoja katika milima kama hii yetu ya mvua. Nitampa jina ili tusichanganyikiwe. Nitamwita Nsajigwa, na kama yumo Nsajigwa yeyote humu ndani, asinune, si yeye. Mtu huyu alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, mke mwema, na moyo mkubwa kuliko banda lake. Ukipita kwake huondoki mkono mtupu. Na alikuwa na neno lake moja lililojulikana kijiji kizima: "Nitaleta." Ukikohoa mbele yake atakwambia, "Nina asali nyumbani, nitaleta." Na kweli ataleta, hata kama kikohozi kimekwisha kupona wiki mbili zilizopita. Alitaka zawadi yake ifike imependeza, kwa siku anayoiona yeye inafaa.

Watu walimpenda hivyo hivyo. Nani asingempenda?

Sasa, Nsajigwa alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao. Tumwite Tumpale. Tumpale aliolewa kule bondeni Mbarali, kwenye mpunga, akakaa huko miaka kumi na minne. Kisha mumewe akaugua, akafariki. Mashamba waliyokuwa wakilima yalikuwa ya kukodi. Basi Tumpale akafunga vitu vyake, akachukua binti zake wawili, akarudi milimani kwa kaka yake. Alikuja na gunia la mchele kichwani, eti hawezi kurudi nyumbani bila kitu.

Ukoo ukakaa, ukampa kipande cha shamba la baba yao, pale mteremkoni. Kipande chenyewe kilikuwa kimeazimwa huyu na yule kwa miaka mingi. Mahindi juu ya mahindi, hakuna aliyekirudishia chochote. Siku ile kaka na dada walisimama ukingoni mwa shamba. Tumpale akainama, akachota udongo, ukampita kati ya vidole.

"Kaka, mbona mwepesi hivi? Kama majivu."

"Udongo umechoka tu," akasema Nsajigwa. "Unataka samadi. Nisikilize, mdogo wangu. Samadi yote ya bandani kwangu msimu huu ni yako. Yote. Sitaki hata koleo moja liende kwingine."

Tumpale akamshika kaka yake mkono kwa mikono yake miwili.

Mwezi wa kumi, jua bado linawaka, Tumpale akaenda kwa kaka yake na tenga na kata ya kichwani. Pale nyuma ya banda lundo lilikuwa zuri. Samadi nyeusi, nzito, mvuke unatoka ukiichokonoa. Akaanza kujaza tenga. Nsajigwa alipomwona alitoka mbio.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nabeba samadi yangu, kaka. Nikipeleka matenga mawili asubuhi na mawili jioni, mvua zikianza nitakuwa nimemaliza, na nitakuwa nimeifukia yote."

"Dada yangu abebe samadi kichwani, mimi nikiwa hai? Watu watasema nini? Juzi tu umezika mume, mgongo wenyewe haujapumzika. Mwaga hiyo. Nitaleta na gari."

"Lakini kaka, hata kidogo kidogo..."

"Nitaleta, nimesema. Nenda kapumzike."

Sasa niambieni, wapendwa, hapo kuna ubaya gani? Mimi nikimtazama mtu huyu naona upendo mtupu. Alimwonea dada yake huruma, akataka kumfanyia jambo la heshima. Tumpale mwenyewe alirudi nyumbani akitabasamu, akawaambia binti zake, "Mjomba wenu ni mtu."

Ila gari la Nsajigwa lilikuwa la rafiki yake, na rafiki yake alikuwa anasomba ndizi. Wiki hii haikuwezekana, wiki ijayo haikuwezekana. Mwezi wa kumi na moja mvua ikafunguka. Nyinyi mnaijua mvua yetu. Haiji kusalimia na kuondoka, inakuja kukaa. Mwezi wa kumi na mbili barabara ikawa utelezi, gari likashindwa kupanda. Mwezi wa kwanza likaharibika. Na muda wote huo lundo liko pale nyuma ya banda, mgongo wazi, linanyeshewa mchana kutwa, wiki baada ya wiki. Mkojo wa ng'ombe nao ulitoka kwenye sakafu ya saruji kwa kijifereji, ukaenda zake. Hakuna aliyeuwazia. Baba yao alifuga hivyo, na babu yao alifuga hivyo.

Mwezi wa pili gari likapatikana. Ndugu zangu, siku ile ilikuwa sherehe! Safari nne, gari limejaa hadi juu, Nsajigwa amekaa mbele anapungia watu barabarani. Tumpale alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Akapika mchele wa mwisho mwisho wa lile gunia. Samadi ikamwagwa pale juu ya shamba, ikakaa juani siku tano wakisubiri mbegu, kisha Tumpale akapandia viazi vyake. Alipanda kwa uangalifu kama mtu anayelaza watoto wachanga.

Viazi vikaota. Vikaota vyembamba. Majani yakawa na rangi ya manjano kabla hayajamaliza kukua. Tumpale akapalilia, akapandishia udongo, akatoa magugu kwa mkono, moja moja. Siku ya kuvuna alichimba mstari mzima, akapata viazi vya kujaza sufuria. Vikubwa vyake vilikuwa kama mayai ya kuku. Shamba lote halikujaza magunia mawili, na vingi alivyovuna havikufaa hata kuwa mbegu.

Nsajigwa alikuja kumpa pole. Akatazama yale magunia, akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo hakuyapima. Alisema, "Unajua, mdogo wangu, mpunga na viazi ni kazi mbili tofauti. Labda mkono bado haujazoea."

Alisema kwa upole kabisa. Lakini Tumpale aliyashika. Kwa sababu ukiwa umepewa shamba bure, na samadi imeletwa hadi mlangoni, halafu hujavuna, umlaumu nani? Alijilaumu yeye. Kila alipoinua jembe aliutazama mkono wake. Akaacha kwenda kwa kaka yake kuongea. Baada ya wiki tatu akaenda kwa wifi yake, mke wa Nsajigwa, akasema, "Wifi, nimeamua kurudi Mbarali. Nitafanya vibarua vya kupanda mpunga, kazi hiyo naiweza. Naomba mnishikie watoto. Naondoka Jumatatu."

Mke wa Nsajigwa alilia.  Nsajigwa mwenyewe alijisemea, nimejitahidi kadiri ya uwezo wangu, Mungu anajua.

Ijumaa ya wiki ile akaja bibi mifugo, binti mmoja anayezunguka kata nzima na pikipiki, kumtibu ng'ombe mmoja aliyevimba kiwele. Alipomaliza, mvua ikashuka. Wakajibanza ukingoni mwa banda, yeye na Nsajigwa, wakisubiri ipungue. Binti akawa anaangalia lundo la samadi, lundo jipya, nalo limeachwa wazi vile vile. Maji ya kahawia yalikuwa yanachuruzika kutoka chini yake, yanakutana na kijifereji cha mkojo, yanateremka.

"Baba, hii chai yako inakwenda wapi?"

Nsajigwa akacheka. "Chai gani, mwanangu? Si maji machafu tu hayo."

"Yanakwenda wapi?"

"Mtaroni huko, barabarani."

"Twende tukaone."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii, baba."

Akajifunika gunia la plastiki kichwani, akatangulia. Wakayafuata yale maji, wakapita migombani, wakateremka hadi mtaro wa barabara. Na pale, wapendwa, majani yalikuwa yamesimama kuliko mtu. Kijani kile cha kiza, majani mapana, shina kama kidole gumba. Nsajigwa mwenyewe alikuwa amekwisha kuyasifia mara nyingi, na watu wa kitongoji kizima walikuja kukata hapo.

"Nani amepaweka mbolea hapa?" akauliza binti.

"Hakuna mtu. Panajiotea tu."

"Hapana, baba. Wewe ndiye umepaweka. Mvua inaiosha samadi yako, inachukua vile virutubisho ambavyo mmea unavila, inavileta hapa. Mkojo, ambao una nguvu nyingi sana, wote unakuja hapa. Na jua likiwaka, ile harufu inayochoma pua unayoisikia bandani, hiyo nayo ni mbolea, inaruka hewani. Ukiimwaga shambani na kuiacha juu bila kuifukia, inazidi kuondoka. Kinachobaki kinaonekana samadi kwa macho. Lundo ni kubwa vile vile. Lakini ni kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu. Utaweka maji, utaweka sukari, chai hupati."

Nsajigwa alisimama kwenye mvua. Kofia inachuruzika. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kama lundo limenyeshewa tangu mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa pili?"

"Hilo ungelipeleka wapi, baba? Hata kazi ya kulibeba ni hasara."

"Nilimpelekea dada yangu."

 Binti alimtazama, kisha akatazama majani.

Hapa nataka tusimame kidogo na mtu huyu mtaroni. Maana alikuwa na njia ya kukwepa. Hakuna aliyejua ila yeye na bibi mifugo, na bibi mifugo alikuwa anapanda pikipiki kwenda kata ya pili. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwacha dada yake aondoke Jumatatu akiwa na lawama zake mwenyewe, na kijiji kingeendelea kusema, "Kaka yule alimsaidia sana." Angeweza pia kusema, ngoja nitafute siku nzuri, nimwambie vizuri. Mimi na wewe tungefanya lipi?

Nsajigwa hakurudi hata kubadilisha nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa Tumpale, matope hadi magotini. Alimkuta anakunja nguo za binti zake.

"Kaka! Umelowa hivyo, kuna nini? Ng'ombe amekufa?"

"Hapana. Tumpale, mkono wako hauna kosa."

"Unasemaje?"

"Viazi. Mkono wako hauna kosa, na ardhi haina kosa. Nilikuletea makapi. Samadi yako ilikwenda mtaroni miezi yote ile, nikakuletea ganda lake na gari, na vigelegele ukanipigia. Halafu nikaja hapa kukwambia hujui kulima."

Tumpale akakaa juu ya kitanda, nguo ya mtoto mkononi.  Kisha akasema, "Siku ile nilikuja na tenga."

"Ulikuja."

"Kwa nini hukuniacha nibebe?"

"Nilikuonea huruma, mdogo wangu."

Tumpale akamtazama kaka yake, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anatiririka maji kama mti. Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka. Akasema, "Huruma yako, kaka, imelowa mvua miezi minne. Ungenipa ikiwa kavu."

Naomba mlisikie neno hilo la Tumpale. Ungenipa ikiwa kavu.

Jumatatu Tumpale hakwenda Mbarali. Jumatatu watu wa kitongoji walimwona Nsajigwa, yule wa kupunga mkono garini, anatembea njiani na tenga la samadi kichwani, dada yake mbele na tenga lake, mke wake nyuma na ndoo. Wakamcheka, naye akawaambia, "Chekeni, ila nipisheni, ina moto hii." Kila walichopeleka walikifukia siku ile ile. Wakachimba shimo la kukinga mkojo, wakatandika majani makavu bandani ili yaunyonye. Wakaezeka kijipaa cha mabati machakavu juu ya lundo, na mahali ambapo bati halikutosha wakafunika kwa majani ya migomba. Msimu uliofuata viazi vilikuwa vya wastani tu, sitawadanganya, ardhi iliyochoka hairudi kwa siku moja. Lakini majani yalikuwa ya kijani hadi mwisho, na Tumpale akapata mbegu yake mwenyewe. Msimu wa pili alivuna hadi akakosa magunia, akaazima kwa kaka yake. Majani ya mtaroni nayo yakanywea yakawa majani ya kawaida, na watu waliozoea kukata pale walilalamika.

Wapendwa, kuna jambo linanitisha katika habari hii. Nsajigwa hakuwa mchoyo. Kama angekuwa mchoyo ningehubiri leo juu ya uchoyo, nanyi mngesema amina huku mkimfikiria jirani. Huyu alikuwa mkarimu. Alitoa vyote. Alitoa kwa furaha, mbele ya watu, kwa gari. Na dada yake nusura apoteze nyumba kwa zawadi ile. Mwenye kufaidi ukarimu wake alikuwa mtaro, na mtaro haukumwambia hata asante.

Sisi tumerundika nini nyuma ya banda? Mimi nadhani wengi humu ndani si watu wabaya. Mna upendo, nauona. Una msamaha kwa ndugu yako, tena umekwisha kumsamehe moyoni, ila unasubiri kikao cha ukoo. Una neno zuri kwa mama yako, ila unasubiri uende na sanduku la vitu. Unataka kumtembelea mgonjwa, ila mikono mitupu unaona aibu. Na mvua inanyesha. Tunadhani upendo ukiwekwa unakaa. Haukai. Kila siku unachuruzika kidogo, na sisi tukiutazama kwa mbali tunasema, si upo pale, lundo kubwa vile! Siku tukiupeleka, tunapeleka kwa gari, na yule aliyekuwa anauhitaji anapanda ndani yake, na hakioti kitu, na anajilaumu yeye. Anasema, labda mimi ndiye sipendeki.

Kuna mtu anaondoka Jumatatu kwa sababu yako, na wewe unaamini umemtendea mema.

Nilikuwa na sehemu nyingine ya mahubiri hapa, nimeiandika ukurasa mzima, lakini nitaiacha. Kwa sababu wakati ninaandika habari ya Nsajigwa nilimkumbuka Bibi Sekela, yule pale dirisha la tatu. Bibi, usifiche uso. Mwezi ule mke wangu alipolazwa hospitali, Bibi Sekela alikuja nyumbani kwetu asubuhi tisa mfululizo kukamua ng'ombe wetu. Hakuna aliyemwomba. Nami sijamshukuru mpaka leo. Si kwamba nimesahau! Nilikuwa nasubiri nipate mbuzi wa kumpelekea. Nikajiambia, mchungaji hawezi kwenda kushukuru mikono mitupu. Na nimemwona Bibi akiacha kupita kwetu, nikasema, labda ni uzee.

Bibi, shikamoo. Asante. Ni asante ndogo, haina mbuzi, na imelowa miezi mitano. Nisamehe. Nashuka hapa nije nikupe mkono.

Na nyinyi, kabla hamjatazama saa, mwenye mtu wake humu ndani amfuate sasa hivi, na mwenye mtu wake nje, mlango uko wazi, sitamwuliza anakwenda wapi. Kwaya, msianze wimbo. Ngojeni kwanza, watu wana kazi.